Moshi Niliouruhusu

2 Juni

Leo Daktari Yakub ameniita ofisini kwake akanikabidhi kipaza sauti kwa mikono miwili, kama anayekabidhi kichanga. Kuanzia sasa mimi ndiye sauti ya kituo cha afya cha mji wetu, Bogiston. Kila asubuhi nitaandika tangazo kuhusu ugonjwa huu mpya wa mapafu, nitalisoma nikizungushwa mjini kwenye kigari cha dereva wetu Botir, kisha nitalirekodi tena kwa ajili ya kundi letu la Telegram. Sauti yangu watu wanaijua. Miaka yote mimi ndiye ninayewaita walete watoto wachanjwe, na hadi leo vitoto vikinisikia sokoni hujificha nyuma ya mama zao.

"Jambo moja tu, Muhayo," Daktari akasema. "Usiseme 'hatujui'. Watu wakisikia kituo hakijui, watamwendea mtu anayejua kidogo kuliko sisi."

"Na yale tusiyoyajua tufanyeje?"

"Yapite kimya kimya."

Nikacheka. Nimekuwa muuguzi tangu usichana wangu, na sijawahi kumsikia mtu hapa akimwambia mgonjwa "sijui". Kwetu mgonjwa huambiwa atapona, hata kama sanda yake imeshakunjwa kabatini.

5 Juni

Aprikoti za mwanzo zimeiva. Tangazo limesomwa. Joto.

9 Juni

Mtaa wa wafinyanzi mwanamke mmoja amemwaga maji ya vyombo barabarani, mbele ya gurudumu letu. "Nendeni mkawatishe watoto wenu! Mnawapeleka watu hospitali ya mkoa wakachomwe sindano ya kufa!"

Botir akafuta kioo, akasema, "Shukuru, dada. Angalau sufuria amebaki nayo."

Nilicheka, lakini nimerudi nyumbani na kinyongo. Hizo sindano za kufa amezisikia wapi? Kwa shoga yake, naye kwa shemeji yake, naye kwenye simu. Mimi nina karatasi yenye muhuri na hakuna anayenisikiliza.

12 Juni

Nimeshinda kwa Oysara tukipasua aprikoti na kuzianika juu ya paa. Mwanawe Davron ndiye aliyemuoa binti yangu Lobar, kwa hiyo tunaitana mzazi mwenzangu, ila mimi humwita dada pia kwa kuwa amenizidi umri. Kifua chake ni kibovu tangu ujana, tangu alipokuwa akichuma pamba kwenye vumbi la dawa ya wadudu. Kila akipanda ngazi husimama katikati na kujifanya anaangalia mandhari.

Tuliposhuka akanimiminia chai, tone tu chini ya kikombe, jinsi anavyomiminiwa mgeni anayependwa, ili kikombe kiende na kurudi na mazungumzo yasiishe. Mgeni aliyechosha hujaziwa hadi ukingoni: anywe, aende zake.

"Mzazi mwenzangu," akaniambia, "sauti yako ni tamu, lakini hayo unayoyasoma utadhani yameandikwa na kabati. 'Inashauriwa.' 'Ni marufuku.' Hakuna hata neno moja la nyumbani humo."

"Neno gani la nyumbani, dada?"

"Isirik! Mji mzima tunafukiza isirik, na nyinyi mko kimya kama hamna pua. Watu wanasema mnaidharau dawa ya bibi zao."

Ni kweli. Majani makavu ya isirik hayakosekani kwenye nyumba yoyote hapa. Tunayafukiza kwa mafua, kwa jicho la hasidi, kwa bibi harusi anapoingia. Nimerudi nikiwaza.

18 Juni

Nimemuuliza Daktari kama moshi wa isirik unaua kirusi.

"Hakuna aliyethibitisha."

"Unadhuru?"

"Moshi ni moshi, Muhayo. Mwenye mapafu mazuri atapiga chafya. Mwenye kifua kibovu ni habari nyingine. Lakini usiwaguse kwenye isirik, watakuchukia. Yapite kimya."

Sikuyapita kimya. Nimeandika hivi: "Ndugu zangu, fukizeni isirik, ni dawa ya bibi zetu na haina madhara. Lakini pia vaeni barakoa, na mtu akipungukiwa na pumzi mwiteni daktari papo hapo."

Hayo maneno "haina madhara" nilijua si kweli yote. Niliyaweka kwa sababu bila hayo sentensi ilikuwa inachechemea.

19 Juni

Wametoka nje! Wamesimama milangoni kusikiliza! Yule wa maji ya vyombo ameleta mkate wa moto na aprikoti kwenye leso. "Sasa umesema kama mtu, Muhayo," ameniambia. Botir amekula nusu ya mkate kabla hatujafika kona. Jioni Oysara amepiga simu: "Uliwasikia? Hilo neno la isirik nimekupa mimi, usisahau!"

Sijasahau. Nimelala nikitabasamu kama mwali.

21 Juni

Botir amenionyesha kitu kwenye simu yake. Ni sauti yangu, lakini imekatwa. "Fukizeni isirik, ni dawa ya bibi zetu na haina madhara." Basi. Barakoa haimo, daktari hayumo. Mtu ameiwekea tarumbeta za harusi mwanzoni. Imeshafika wilaya za jirani, na kila anayeipokea anaandika kwamba kituo cha afya hatimaye kimesema ukweli.

Nitarekebisha kesho.

22 Juni

Kesho.

24 Juni

Daktari ameniuliza kama nimeisikia ile sauti. Nimesema nimeisikia.

"Basi irekebishe. Lakini kwa upole, sasa hivi ndiyo kwanza wanatusikiliza."

Upole ninao wa kugawa. Nimeandika: "Tunawakumbusha kwamba isirik peke yake haitoshi." Sikuandika kwamba inaweza kudhuru. Nimesoma, watu wamenipungia mikono, nimepewa bakuli la cheri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilikuwa nikiusema msemo huu kuhusu wengine.

25 Juni

Chilla imeanza, siku za joto kuu. Mbwa hawabweki.

1 Julai

Upepo wa moto. Aprikoti zimekauka kabla ya wakati wake. Wagonjwa wameongezeka, ila wanaofika kituoni wamechelewa sana. Kila ninayemuuliza alikuwa wapi siku zote hizo ananijibu kwa adabu kabisa, "Tulikuwa tunajifukiza."

6 Julai

Mji wote umefunikwa na moshi. Botir ameendesha taa zikiwaka asubuhi kweupe, huku akikohoa. "Dada Muhayo, mji tumeubanika kama samaki."

"Nyamaza uendeshe."

"Nanyamaza. Lakini samaki ni mimi."

Baada ya kazi nikapita kwa Oysara. Nilimkuta ameketi kwenye mito, madirisha yamefungwa na kuzibwa kwa mablanketi, chungu cha makaa kimewekwa karibu na magoti yake na isirik inafuka. Mumewe Tolib na majirani wawili walikuwa wamekaa pembeni, macho yakiwatoka machozi. Oysara alikuwa anakohoa kikohozi kikavu kinachokuja kwa mfululizo.

"Ni mafua tu," akasema. "Yanatoka. Kila nikikohoa ujue yanatoka."

"Dada, fungua dirisha. Kifua chako hakiwezi moshi wote huu."

Akacheka hadi akapaliwa. Akachukua simu yake kwenye mto, akaibonyeza, na tarumbeta za harusi zikalia chumbani. Kisha mimi: "Haina madhara."

"Sasa unabishana na nani, mzazi mwenzangu? Na wewe mwenyewe?"

Majirani walicheka. Tolib naye alicheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Niliona haya kusema mbele yao kwamba nilikuwa nimepamba. Nilisema nitarudi na kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima pumzi. Akanimiminia chai, tone chini ya kikombe.

10 Julai

Karantini imerudi. Barabara zimezibwa kwa mawe ya saruji. Vidude vya kupima pumzi vyote vinatumika wodini. Nimempigia Oysara, hakupokea, nikajiambia amelala.

13 Julai

Nimeketi kwenye ngazi ya kituo na koti langu la kazi bado limelowa jasho. Naandika kwa sababu nikiacha nitapiga kelele.

Lobar alipiga asubuhi, kabla hatujaondoka na kipaza sauti. "Mama, midomo yake imekuwa rangi ya zambarau. Baba mkwe anasema tuongeze makaa." Tukaenda na kigari cha Botir. Pale mlangoni moshi ulinipiga usoni. Niling'oa mablanketi dirishani, nikapiga teke chungu cha makaa hadi uani, na Tolib akanishika mkono akilia, "Unafanya nini? Ndiyo dawa yake hiyo!"

Davron alimbeba mama yake mgongoni, maana machela haipiti kwenye ule ujia wao. Ndani ya gari nilimwekea kichwa mapajani mwangu. Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi. Akafungua macho akanitambua.

"Nilifukiza sana," akasema. Alikuwa kama mwanafunzi anayemwambia mwalimu kwamba kazi ameifanya.

"Umefanya vizuri, dada," nikajibu. Ningesema nini?

"Nitapona?"

"Utapona."

Alifika akiwa hai. Tulimpa oksijeni, Daktari Yakub mwenyewe alipiga magoti sakafuni karibu naye. Adhana ya adhuhuri ilimkuta ameshakwenda.

14 Julai

Maziko yamekuwa ya watu wachache kwa amri ya karantini. Oysara, aliyewapikia maharusi wote wa mtaa ule, amesindikizwa na watu wasiofika idadi ya wapishi wa harusi moja.

Nilijua watanifukuza, na nilikuwa tayari. Badala yake Tolib alinishika mikono yote miwili mbele ya watu. "Asante, mzazi mwenzetu. Tulifuata kila neno lako. Tulimfukiza hadi mwisho, hatukumwacha bila moshi hata usiku mmoja. Siku yake ilikuwa imefika, wewe ulifanya uwezalo." Wakaniletea mkate na chai. Matusi ningeyameza kwa urahisi zaidi kuliko mkate ule.

Davron alinifuata hadi chini ya mti wa mforosadi pale uani.

"Mama, ile sauti ilikatwa, siyo?"

"Ilikatwa."

"Kipande kilichokatwa kilisema nini?"

"Kilisema mtu akipungukiwa na pumzi mwiteni daktari."

Akafikiri. Davron ni fundi wa mota za pampu, hana haraka ya kufungua kitu.

"Na kile kilichobaki? Kwamba haina madhara? Hicho nani alikisema?"

"Nilikisema mimi."

"Ulikuwa unaamini?"

Nilitazama ndani ya nyumba, ambako walikuwa wameshawasha isirik nyingine kwa ajili ya wafiwa.

"Sikuwa naamini," nikasema. "Na nilijua kifua chake."

Hakunitukana. Aligeuka akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

16 Julai

Nimempelekea Daktari Yakub tangazo la kesho. Kabla hajalisoma alikuwa na lake tayari: tuseme sauti ile ni ya kughushi, imetengenezwa na wapotoshaji. "Imekatwa kweli. Hatutakuwa tumesema uongo kabisa."

Lo, jinsi nilivyotamani! Neno moja tu, "kughushi", na Muhayo anakuwa safi, mtaa unanirudishia mikate.

"Daktari, iliyoghushiwa ni tarumbeta. Maneno ni yangu."

"Ukikiri, kituo kinaanguka. Kesho ukiwaambia waje hospitali, nani atakuja?"

"Na leo nani anakuja? Wanakuja kufa."

Akavaa miwani akasoma karatasi yangu. Akairudia. Nje Botir alikuwa anapiga filimbi, akaacha. Nilidhani Daktari anatafuta kalamu nyekundu. Akachukua ya bluu na kuandika chini, kwa ule mwandiko wake wa kuku: "Na mkuu wa kituo alijua, akashauri upole."

"Soma yote," akasema. "Usiponitaja, watasema tumemtoa kafara mwanamke."

Nilimdhania mwoga wiki zote hizi, kumbe tulikuwa waoga wawili.

17 Julai

Nimesoma hivi, mtaa kwa mtaa, na sauti ilinikatika mara nyingi:

"Mimi ni Muhayo wa kituo cha afya. Niliwaambia moshi wa isirik hauna madhara. Nilikosea, na nilipoyasema nilikuwa najua kwamba kwa mwenye kifua kibovu moshi unadhuru. Na mkuu wa kituo alijua, akashauri upole. Hakuna ushahidi kwamba isirik inaua kirusi. Fungueni madirisha. Mgonjwa akipungukiwa na pumzi, mleteni, msimfungie na makaa. Hatujui ni nani atapona na nani hatapona. Tunajua kwamba anayefika mapema tunaweza kumpa oksijeni. Kuanzia leo kila tangazo litasema tunachojua, tusichokijua, na tulichokosea."

Kisha yule wa mtaa wa wafinyanzi akatoka na ndoo, na safari hii hakumwaga barabarani. "Mkate wangu ulikula!" akanipigia kelele. "Mkate wangu ulikula huku unatudanganya!"

Botir akanipa taulo. Hakufanya mzaha wowote, na hapo ndipo nilipolia.

18 Julai

Watu wanatoka kwenye kundi la Telegram kama nzige. Mmoja ameandika, "Walituua kwa maneno yao." Sikumfuta.

20 Julai

Leo ni siku ya saba ya Oysara. Nilikwenda. Sasa Tolib ameshasikia tangazo. Alinikaribisha kwa heshima zote, akanikalisha, akachukua birika. Akamimina. Akaendelea kumimina, chai ikapanda, ikafika ukingoni, ikamwagikia kitambaa.

Niliinywa yote ikiwa ya moto. Niliaga. Lobar alinisindikiza hadi langoni. "Usije kwa sasa, Mama," akasema, akanikumbatia kwa nguvu huku akilisema hilo.

23 Julai

Botir: "Dada, leo umesema 'hatujui' mpaka kasuku wa kinyozi amelishika."

27 Julai

Mtu mmoja ameuliza swali kundini. Hajatukana, ameuliza: mama yake ana kisukari, lini amlete? Nimemjibu. Amemleta.

31 Julai

Idi ya kuchinja, mitaa mitupu. Sikutembelea yeyote wala sikutembelewa. Tulizunguka na tangazo fupi. Kwenye mtaa wa Oysara madirisha yalikuwa wazi, mapazia yanapepea nje, nyumba baada ya nyumba. La Tolib lilikuwa limefungwa. Nilimwomba Botir apite tena. Bado lilikuwa limefungwa.

4 Agosti

Leo tulikuwa tunapakia kipaza sauti wakati kikokoteni cha pikipiki kilipoingia langoni. Davron alikuwa akiendesha. Nyuma, kwenye godoro lile lile la Oysara, alilala Tolib amejifunika koti la baridi katika joto hili, barakoa usoni.

Niliganda. Davron alishuka, akasimama mbele yangu.

"Sijaja kukusamehe," akasema.

"Najua."

"Nimemleta baba. Ameanza kuhema jana jioni. Alikuwa anataka makaa, nikafungua dirisha. Leo alfajiri akasema mwenyewe, 'Nipeleke kwa yule aliyesema amekosea.' Kwa hiyo nimemleta."

Tukamwingiza. Kidude cha kidoleni kilionyesha namba ya chini, lakini si ile ya kukata tamaa. Daktari Yakub akafungua oksijeni. Nilipokuwa namwekea barakoa ya mpira, Tolib alinitazama tu, na mimi nilimfunga kamba polepole nisimvute sikio.

Nilipotoka nje nilimkuta Davron ameketi kwenye kivuli cha ukuta, chupa ya chai ubavuni. Uso umeparara. Nilikaa mbali naye kidogo.

"Atapona?" akauliza bila kuniangalia.

Lile neno lilinijia lenyewe, lile nililomwambia mama yake akiwa mapajani mwangu. Lilikuwa mdomoni tayari.

"Sijui," nikasema. "Amekuja mapema. Hewa inamsaidia. Lakini sijui, Davron."

Upande wa pili wa ua Botir alipiga honi, tulikuwa tumechelewa kuzunguka. Davron akafungua chupa, akatoa kikombe kwenye mfuko wa koti, akakipangusa kwa ncha ya shati na kumimina. Nilipokea kwa mikono miwili, nikaogopa kutazama ndani.

Ilikuwa kidogo, imefunika kitako tu cha kikombe. Nikanywa, nikamrudishia, na yeye akamimina tena.